Mama Alipopiga Namba ya Bure

Majirani wote walijua kwamba dada yule anafanya kazi idara ya maji. Ndivyo alivyowaambia yeye mwenyewe, miaka minne nyuma, siku alipoapishwa kazini, na uongo ule ulimtesa kuliko alivyotarajia. Mabomba yakikauka mtaani, watu walimfuata yeye. Mama wa nyumba ya pili aliwahi kumletea ndoo tupu mpaka mlangoni, akaiweka miguuni pake, akaondoka bila kusema neno. Mwishowe dada wa watu akajifunza habari za pampu na mgandamizo kwa kusoma magazeti, na akawa anazieleza vizuri kiasi kwamba watu waliridhika hata kama maji hayakutoka. Mumewe alicheka mpaka machozi. Yeye alijua kuwa si maji, lakini zaidi ya hapo hakujua, wala hakuuliza.

Ukweli ni kwamba kila asubuhi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ya jengo la zamani ambalo vioo vyake vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe hadi usawa wa mabega, akakaa kwenye moja ya meza tisa, akavaa hedifoni, akapokea simu za watu wenye taarifa za ugaidi. Humo ndani hakuna aliyetumia jina lake. Hewani alijitambulisha kama mhudumu namba kumi na nne, na wenzake nao wakazoea, hata wakati wa chai wakawa wanamwita Kumi na Nne, kama vile hajawahi kuwa na jina lingine.

Namba ile ya bure ilizaliwa na Mkakati wa Taifa wa Usalama, kitabu chenye jalada la buluu na kurasa mia moja na kumi na mbili. Wakati wa mafunzo walisomeshwa kurasa arobaini hivi. Wazo lake halikuwa gumu: mwananchi huona mambo kabla ya polisi, basi apewe mtu wa kumwambia. Kila simu ilipokwisha, mhudumu alikuwa na dakika kumi za kujaza fomu kwenye kompyuta na kuchagua rangi. Kijani ni umbea na ugomvi wa watu. Huwekwa tu kwenye kumbukumbu. Njano ni mtu anayevutwa na kundi lakini bado hajaenda. Huyo hutumiwa timu ya washauri, wakamtembelea nyumbani wakazungumza naye. Nyekundu ni askari wenye silaha, siku hiyo hiyo.

Alikuwa mfanyakazi mzuri. Alikuwa na sikio, kama walivyosema wenzake. Mtu akimeza mate upande wa pili wa simu, yeye anajua. Lakini mambo mawili yalikuwa yamemkaa rohoni.

La kwanza lilikuwa la kinyozi. Katika mwaka wake wa pili, mwanamume mmoja mwenye sauti tulivu alipiga simu, akasema kinyozi aliyepanga chumba cha mbele anapokea wageni wasioeleweka na anaficha chupa za kemikali. Kumi na Nne akachagua nyekundu. Kinyozi alikaa ndani miezi mitano. Baadaye ikajulikana kwamba aliyepiga simu ndiye mwenye chumba, alikitaka chumba chake, na kemikali zenyewe zilikuwa dawa za kupaka nywele. Habari hiyo ilimfikia kwa mistari miwili tu kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi.

La pili lilikuwa la mwenzake, mhudumu namba tisa. Huyo alipokea simu ya mwanamke aliyekuwa na wasiwasi na mumewe, akachagua njano. Washauri walipangiwa kwenda Jumatano. Jumanne, stendi kuu ya mabasi ililipuliwa, watu kumi na mmoja wakafa, na mume yule alikuwemo katika mpango. Hakuna aliyemgombeza Tisa. Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akatoka, hakurudi tena. Kiti chake hakikupewa mtu. Wiki iliyofuata ukaja waraka kutoka juu: taarifa yoyote inayotaja safari ya kuelekea mpakani ni nyekundu, hakuna mjadala.

Tangu hapo, kila simu ilipolia Kumi na Nne alikitazama kwanza kiti kile, ndipo akapokea.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Alikuwa amemaliza na mzee mmoja aliyelalamikia kelele za jirani, kijani tupu, taa ya simu ikawaka tena.

"Umepiga namba ya taarifa. Mimi ni mhudumu namba kumi na nne. Nakusikiliza."

Ikasikika pumzi, na sauti ya mwanamke mtu mzima, ya chini.

"Samahani mwanangu, kama nakusumbua. Nataka kusema habari za mtoto wangu."

Neno la pili lilitosha. Alikuwa mama yake mzazi.

Chini ya meza, upande wa kushoto, kulikuwa na kitufe cha kukabidhi. Sheria ilikuwa wazi: ukimfahamu anayepiga au anayesemwa, bonyeza, vua hedifoni, msimamizi ataendelea. Kidole chake kilifika pale. Lakini msimamizi wa zamu, ambaye wote walimwita Bi Mstari kwa sababu hakusoma karatasi bila rula na kalamu ya kupigia mistari, alikuwa na sauti kavu ya mtu aliyestaafu upolisi. Na Kumi na Nne alimjua mama yake. Huyu ni mtu aliyewahi kugeuza kurudi nyumbani na homa yake kwa sababu karani wa zahanati alimjibu kwa mkato. Akisikia sauti ya Bi Mstari atakata simu, na hatapiga tena maishani.

Akaondoa kidole. Akaishusha sauti yake, akaongea Kiswahili cha redioni.

"Bila samahani, mama. Zungumza tu."

Mama akazungumza. Mwanawe wa mwisho, fundi wa friji, kijana mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi kwa kazi yake na kwa tabia yake, alikuwa hana kazi tangu mwaka uliopita, duka alilokuwa akifanyia lilipofungwa. Miezi mitatu ya karibuni amebadilika. Kuna wanaume wawili wanakuja kumchukua mchana, wanakaa naye mpaka jioni, na akirudi hataki kula na mtu. Ameuza begi la vifaa vyake vya ufundi, ambalo zamani hakuruhusu hata mtu aliguse. Juzi amemwomba mama radhi, kama mtu anayeaga. Amesema Jumamosi anasafiri kwenda kufanya kazi mgodini, huko karibu na mpaka, na kwamba asitafutwe.

"Nimepekua chumba chake kama mwizi," mama akasema. "Sijaona kisu, sijaona chochote. Nimeona tu picha za watoto wa dada yake amezitoa ukutani akaziweka kwenye mkoba."

Watoto wa dada yake ni watoto wa Kumi na Nne. Aliuma mdomo mpaka akasikia ladha ya chumvi, huku vidole vikiendelea kuandika. Yeye alikuwa akimwona Baridi kila Jumapili. Alimwona amekonda, amenyamaza, na kila Jumapili alimuuliza jambo moja, umepata kazi? Akishajibiwa hapana, alihamia kwenye mambo mengine.

Akaomba jina la kijana.

"Nikikutajia jina lake, mtamfanya nini?"

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ngumu mbele yake, kwa herufi nene: Taarifa yako ni siri na itashughulikiwa ipasavyo. Alikuwa amelisema mara elfu. Safari hii mdomo ulikataa.

"Mama, sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba ukikata simu sasa, hatutaweza kumfanyia lolote, la heri wala la shari."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mtaani na mtu akicheka mbali. Kisha mama akataja majina matatu ya mwanawe, polepole, kama anayemwandikisha shule.

Simu ilipokatika, saa ya kwenye kioo cha kompyuta ikaanza kuhesabu dakika kumi kurudi nyuma. Kumi na Nne akajaza kila kitu: wanaume wawili, begi la vifaa, mkoba, Jumamosi. Alipofika kwenye safari akaandika, anakwenda kufanya kazi mgodini. Neno mpaka hakuliandika. Ni neno moja tu, alijiambia. Akachagua njano, akatuma, akainuka kwenda chooni, akafungulia maji ya bomba yamwagike huku ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Alivumilia saa tatu. Alipokea simu nyingine saba, na kama ungemuuliza jioni zilihusu nini, asingekuambia hata moja. Akifumba macho alimwona Baridi amelazwa kifudifudi, buti la askari mgongoni. Akiyafumbua, alikuwa akitazama kile kiti cha Tisa, na alichokiona hapo kilikuwa stendi ya mabasi. Je, kama mdogo wake kweli ameshakuwa mtu mwingine? Je, kama Jumamosi si safari ya kwenda mgodini, bali ya kwenda kwenye mabasi mengine, kwenye watoto wa watu wengine? Hakuna picha iliyomwacha apumzike kwenye nyingine. Saa nane mchana akavua hedifoni, akapiga moyo konde, akagonga mlango wa Bi Mstari.

"Simu ya saa tano," akasema akiwa bado amesimama. "Aliyepiga ni mama yangu. Anayesemwa ni mdogo wangu. Na kuna neno nimelificha."

Bi Mstari hakupandisha sauti. Aliitafuta rekodi, akaisikiliza yote, fomu ikiwa mbele yake, rula ikishuka mstari mmoja mmoja. Ilipofika mahali pa mpaka, rula ikasimama.

"Angekuwa mtoto wa mwingine, ungempa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Bila kusita?"

"Kwa sababu ya waraka, ndiyo. Bila kusita."

"Na yule kinyozi?"

Kumi na Nne hakujua kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa bado anamkumbuka kinyozi. Machozi yakamtoka hapo hapo, na hakuyafuta.

Bi Mstari akavuta droo, akatoa kile kitabu cha buluu, akafungua ukurasa wa sitini na moja. Ulikuwa katika zile kurasa ambazo hawakufundishwa. Hapo paliandikwa kwamba taarifa inayoletwa na mzazi, pasipokuwa na dalili ya silaha, ipitie kwanza kwa washauri. Akampa asome mwenyewe.

"Waraka haukuufuta ukurasa huu," akasema. "Ila tangu stendi, hakuna aliyethubutu kuufungua. Mimi nikiwa mmojawapo."

Akapiga simu juu, akaongea muda mrefu huku amegeukia ukuta. Alipoishusha alikuwa na amri ndogo ndogo nyingi. Washauri wataenda kesho saa mbili asubuhi. Askari watakuwa karibu lakini hawataonekana. Kumi na Nne ataacha simu yake ya mkononi hapo ofisini, asije akampigia mtu. Makosa aliyofanya yataandikwa, yote mawili. Na kesho atakwenda pamoja nao, maana kijana aliyejifungia huenda akamfungulia dada yake.

Nyumbani alimwambia mumewe simu imeharibika. Mumewe akamtazama, akaona kuna jambo, akamwekea chakula ambacho hakukila.

Ijumaa walikwenda watu wanne kwenye gari la kawaida: mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, muuguzi wa magonjwa ya akili, afisa aliyevaa shati la mikono mifupi, na yeye. Njiani mwalimu aliwaeleza kwamba mara nyingi saa ya kwanza wao hukaa kimya, mwenyeji ndiye huongea. Kumi na Nne alimsikia kwa mbali. Alikuwa akihesabu nyumba.

Mama alifungua mlango kabla hawajagonga. Uso ulikuwa umemvimba.

"Ameondoka," akasema. "Saa kumi na mbili hii ya asubuhi. Alisema Jumamosi, kumbe ni leo."

Afisa aligeuka, akatoka uani, na Kumi na Nne akamsikia akisema kwenye simu neno moja ambalo alilijua vizuri. Nyekundu. Mwalimu akavua miwani, akabaki ameishika.

Wakati huo ndipo mama alipoiona kadi ya kazi iliyoning'inia shingoni mwa binti yake. Akaitazama ile namba. Akamtazama usoni. Ungedhani angepiga kelele, au angeanguka. Alikaa tu kwenye ukingo wa kiti.

"Kwa hiyo si maji," akasema.

"Si maji, mama."

"Ile sauti ilifanana na yako. Nikasema moyoni, huyu naye ana mama, ngoja nimwambie yote."

Hapakuwa na nafasi ya kulia. Afisa aliporudi ndani, Kumi na Nne akamwomba ruhusa ya kumpigia Baridi kwa simu ya mama. Afisa akasita. Akipigiwa anaweza kushtuka, na wale anaosafiri nao pia. Asipopigiwa, barabara za kuelekea mpakani ni tatu na askari hawatoshi. Muuguzi akasema, mwache apige. Wakaiweka simu mezani kwenye spika, wote wakainama juu yake.

Iliita mara sita. Ilipopokelewa, kulikuwa na mlio wa injini isiyotembea na sauti za wanaume.

"Haloo, mama."

Alikuwa Baridi, lakini kwa sauti iliyobanwa. Sikio lake la kazini likamwambia kilichokuwemo ndani yake kabla ya kitu kingine chochote: mtu huyu anaogopa, na kuna mtu yuko karibu anamsikiliza.

"Ni mimi, dada," akasema, akaitafuta sauti ya kila siku, ya Jumapili. "Usiniulize kitu. Kama uko na watu na hutaki wakuelewe, nilalamikie maji."

Mama alifunika mdomo kwa viganja.

"Dada, afadhali umepiga," Baridi akasema kwa sauti ya juu kidogo. "Maji kwetu hayajatoka tangu asubuhi. Nyie watu wa idara mnatufanyia nini?"

Nyuma yake mtu akacheka, akasema jambo la utani kuhusu watu wa maji.

"Pole. Bomba limepasuka wapi?"

"Pale darajani, la reli. Mafundi wanabadilisha kipande kimoja, wakimaliza tu wanaondoka."

Afisa alikuwa tayari ameshaandika: daraja la reli, tairi. Akampa Kumi na Nne kalamu aandike na yeye, naye akatikisa kichwa, sikio likiwa kwenye simu.

"Mafundi ni wangapi?"

"Watatu. Sisi wateja tuko watano, tumekaa tu tunangoja. Wamechukua mpaka kadi za mita, zetu sote." Akameza mate, dada yake alisikia. "Nataka kurudishiwa kadi yangu, dada. Nilikuwa sijaelewa utaratibu wao. Sasa nimeelewa."

"Wana vifaa vikali? Vya kukatia bomba?"

"Mmoja anavyo. Yuko mbele."

"Tangi lao la rangi gani?"

"Kijani, na mifuko ya saruji juu." Kisha haraka, "Haya, msalimie mama. Mwambie maji yakitoka asiyatumie yote."

Simu ikakatika. Mama aliuliza, yamekuwaje, anasema nini, lakini afisa alikuwa ameshakimbilia uani.

Dakika arobaini zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka minne ya ghorofa ya tatu. Afisa alikuwa uani. Mwalimu alijaribu kuongea na mama, akashindwa, akaishia kumshika mkono. Kumi na Nne aliosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Alijua sasa kuna bunduki ndani ya lori lile, mbele, na kwamba kijana aliyekaa nyuma yake ni wa kwao, na kwamba yeye ndiye aliyewaelekeza askari pale. Kila kikombe alikikausha mara mbili.

Afisa aliingia, akasema wamepatikana. Lori lilizuiwa mbele kidogo ya daraja, katika kona, dereva hakupata nafasi ya kugeuza. Risasi haikulia hata moja. Wote wanane wamechukuliwa, wale watatu na vijana watano, na wote wanane wamelazwa kifudifudi kwenye lami, kwa sababu pale barabarani askari hawawezi kujua nani ni nani. Mama aliuliza kama mwanawe ameumia. Afisa akasema amechubuka kidevu.

Baridi alikaa ndani wiki saba. Alihojiwa na polisi, kisha yule mwalimu na yule muuguzi wakaanza kumtembelea, mara mbili kwa wiki. Waliyoyasikia walimweleza Kumi na Nne baadaye, kwa ruhusa ya Baridi mwenyewe. Wale wanaume wawili hawakuanza na siasa wala chuki. Walianza kwa kukaa naye. Walimuuliza anajisikiaje, alipenda nini katika ufundi wake, alikosewa na nani, wakasikiliza majibu mpaka mwisho, kila siku, kwa miezi mitatu. Mambo mengine yalikuja polepole baadaye. Habari za mgodi aliziamini nusu, na ile nusu nyingine alikataa kuifikiria, mpaka asubuhi ile ndani ya lori, walipokusanyiwa vitambulisho na kuambiwa kwamba kituo kinachofuata watanyang'anywa simu.

Mtu aliyelipwa mshahara na serikali ili asikilize watu, saa nane kwa siku, alisimuliwa hayo akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbini.

Baridi aliachiwa kwa masharti: kila Jumatatu, kwa mwaka mzima, afike ofisi ya uangalizi kuweka sahihi. Kumi na Nne alipewa onyo la maandishi, akaondolewa kwenye simu miezi mitatu, akawa anachapa kumbukumbu. Bi Mstari aliandika barua ndefu kwa wakubwa kuhusu ukurasa wa sitini na moja. Barua ilikaa huko juu karibu nusu mwaka, kisha ukashuka waraka mpya wa karatasi moja: taarifa za wazazi zipitie kwa washauri, na hakuna rangi nyekundu itakayochaguliwa na mtu mmoja peke yake. Haukusema umetokana na nini. Kumi na Nne aliusoma, akaenda kumtafuta kinyozi. Alimkuta amefungua kibanda mtaa mwingine, anamnyoa mteja. Alisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu, miguu ikakataa kuvuka. Alirudi mara ya pili, ikawa vile vile, na mpaka leo hajavuka.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo ambalo halijasemwa. Baridi aliamini kwamba polisi walikuwa wakiwafuatilia wale wanaume tangu zamani. Ya dada yake alishayajua, lakini alidhani alitumwa tu na wakubwa wake siku ile. Kwamba mama ndiye aliyepiga simu, hakuna aliyemwambia. Mama aliendelea kumpakulia chakula, kumfulia, na kumtazama mgongo anapotoka. Kisha shauri la wale watatu likapangiwa tarehe, na wakili wao akaomba rekodi ya simu ya kwanza ichezwe mahakamani. Baridi alikuwa shahidi. Angeisikia mbele ya watu.

Kumi na Nne alitaka kumwambia yeye. Mama akakataa.

"Nilimsema nyuma ya mgongo wake," akasema. "Sasa nitamwambia usoni."

Alimwambia Ijumaa mchana, baada ya chakula, Kumi na Nne akiwa jikoni, mlango wazi. Mama hakujitetea. Alieleza alivyopekua chumba, alivyokwenda kuomba simu kwa jirani ili namba yake isijulikane, alivyotaja majina yake matatu. Baridi alisikiliza mpaka mwisho. Akasukuma kiti, akachukua shati lake kwenye kamba, akatoka.

Hakurudi jioni, wala Jumamosi. Jumapili simu yake ilikuwa imezimwa. Mama hakutoka ndani. Alikaa tu karibu na dirisha. Kumi na Nne aliijua vizuri fomu ambayo angepaswa kuijaza: ametoka bila kuaga, simu imezimwa, ana kinyongo na familia. Kila kisanduku kingejaa. Mara mbili alishika simu ili ampigie mwalimu, mara mbili akaiweka chini, na hakujua kama anamwamini mdogo wake au anarudia kosa lile lile la neno moja.

Jumatatu Kumi na Nne alikuwa kwenye benchi la ofisi ya uangalizi saa mbili kamili. Saa tatu ikapita. Karani alifungua daftari, akalifunga, akamtazama kwa huruma ambayo hakuitaka. Ikifika saa nne, jina lingepelekwa juu.

Saa tatu na dakika arobaini mlango ukafunguliwa. Baridi alikuwa amevaa shati lile lile, na mikono yake ilikuwa na mafuta meusi. Kumbe siku zote hizo alikuwa kwa rafiki yake mmoja fundi, anamsaidia kufufua mashine ya barafu. Aliweka sahihi, akarudisha kalamu, akaja kukaa kwenye benchi, si karibu sana na dada yake.

"Mpigie mama," akasema hatimaye. "Mwambie nimefika."

Dada yake akabonyeza namba. Simu ilipoanza kuita, Baridi akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka sikioni mwenyewe.